Kijana wetu anayecheza nje anataka kulipia basi zima la mashabiki kwenda Mbeya. Tumshauri nini?

Katibu wa Tawi, Tandika

Ndugu zangu, habari za wakati huu.

Mimi ni katibu wa tawi dogo la mashabiki wa Simba hapa Tandika, na kwa miaka 9 sasa kazi yangu kubwa imekuwa kuandaa safari za kuifuata timu inapocheza ugenini. Hatuna ofisi. Tuna daftari moja lenye jalada la bluu, tuna ngoma mbili, na tuna mweka hazina ambaye hajawahi kupoteza hata shilingi mia. Mechi ikipangwa Morogoro, Dodoma au Tanga, basi linajaa ndani ya siku mbili. Ikipangwa Mbeya, Mwanza au Bukoba ndipo daftari linapoanza kuonyesha mistari mitupu, kwa sababu Mbeya peke yake ni zaidi ya kilomita 800 kwenda na hizo hizo kurudi, na mtu anayeuza mihogo au anayeendesha bodaboda ya kukodishwa hawezi kuacha kazi siku mbili na bado atoe nauli.

Safari yetu ya mwisho ya Mbeya tulichanga shilingi 85,000 kila mmoja kwa viti 52. Basi liliharibika karibu na Makambako usiku wa manane, kukiwa na baridi ambayo watu wa Pwani hatukuwa tumejiandaa nayo, tukajifunika bendera za timu huku fundi akitafutwa, na tulipofika Uwanja wa Sokoine kipindi cha kwanza kilikuwa kimekwisha. Sikusikia hata mtu mmoja akisema hatasafiri tena. Hao ndio watu ninaowaandikia habari zao.

Sasa nieleze kilichonileta. Mtaani kwetu yupo kijana ambaye leo anacheza soka la kulipwa nje ya nchi. Jina lake ninalihifadhi kwa kuwa mwenyewe ameomba hivyo. Alipokuwa na miaka 11 alitusumbua wiki nzima akitaka kwenda kuiona Simba katika Uwanja wa Jamhuri, Morogoro. Nauli hakuwa nayo, na mama yake alikuwa akiishi kwa kuuza maandazi. Mzee mmoja wa tawi, ambaye sasa ni marehemu, alisema mtoto atakaa mapajani mwake, na kweli alimpakata kwenda na kurudi, mtoto akiwa amevaa jezi ya mtu mzima iliyomfika magotini.

Mwezi uliopita kijana huyo alinipigia simu usiku. Aliniambia ametenga shilingi milioni 6, anataka kulipia basi zima la safari ijayo ya Mbeya ili kila mtu apande bure, na fedha itakayobaki tununue jezi. "Katibu, na mimi nilipandishwa bure," ndivyo alivyosema, nami nilikaa kimya kidogo kabla ya kumjibu.

Kikao chetu cha Jumapili kiligawanyika. Wazee wanasema zawadi haikataliwi. Vijana wanasema fedha hiyo ingefaa zaidi kiwanja cha mtaa, kule alikojifunzia mpira. Mama mmoja alisimama akauliza kama tumemwuliza mama yake kijana nyumba yake inavuja au haivuji, na swali lile lilituinamisha vichwa.

Naomba mnisaidie katika mambo mawili. La kwanza, mchezaji anapotaka kurudisha shukrani, aanzie kwa wanaosafiri kuifuata timu au kwa watoto wanaokuja nyuma yake? La pili, sisi tunaopokea, tuipokee vipi zawadi ya namna hii bila kuiharibu safari ambayo tumeijenga wenyewe kwa miaka yote hii? Ningependa zaidi kuwasikia watu waliowahi kuendesha jambo kama hili kwa mikono yao.

Mhasibu wa Ukonga

Ndugu Katibu, nimekuwa mweka hazina wa tawi kwa misimu minne, kwa hiyo ninayoandika hapa nimeyalipia.

Tuliwahi kupata mfadhili, mtu mwema kabisa, aliyelipia mabasi mawili kwenda mkoani. Viti vilikuwa 110. Waliojiandikisha walikuwa zaidi ya 130. Saa kumi na moja alfajiri tukawa tunagombania mlango, wakapanda wenye nguvu, na nje wakabaki akina mama wawili ambao walikuwa wakichanga tangu siku tawi lilipoanza. Nilishuka nikawapisha viti viwili, changu na cha mdogo wangu, lakini uso wa yule mmoja alipokuwa akipanda ngazi za basi siwezi kuusahau, kwa maana alikuwa kama mtu anayeomba msamaha kwa kuwa na haki yake.

Hata hivyo hilo lilikuwa dogo. Kubwa lilikuja safari iliyofuata. Mfadhili alikuwa amehama mji, tukatangaza mchango wetu wa kawaida, na waliojiandikisha walikuwa watu 11. Wengine wote waliuliza safari hii nani analipia. Tawi lililokuwa limesafiri miaka kwa jasho lake lilishindwa kujaza hata Coaster, na ilituchukua msimu mmoja na nusu kurudisha mazoea ya kuchanga. Yule mfadhili hakutukosea chochote. Sisi tuliopokea ndio tuliopokea vibaya.

Ushauri wangu ni kwamba fedha ya kijana isilipie basi, ilipie pengo. Chukua hesabu hii: katika kila safari ndefu tenga viti 8 kwa wale ambao mnawajua kabisa kwamba wanataka kwenda na hawana. Viti 8 kwa shilingi 85,000 ni shilingi 680,000. Safari 6 za namna hiyo ni shilingi 4,080,000, na bado kutabaki shilingi 1,920,000 kwa kazi nyingine. Wenye uwezo waendelee kutoa mchango wao kama kawaida, na basi libaki kuwa lao.

Jambo moja nalisisitiza kwa sababu nimeona likiumiza watu. Majina ya hao wanane yasisomwe kikaoni. Mweka hazina aandike "amelipa" mbele ya jina kama anavyoandika kwa wengine, kwa maana mtu mzima akijua kwamba basi zima linamtambua kuwa amebebwa, hatapiga ngoma kwa raha na safari ijayo atasingizia ugonjwa.

Na kijana mwenyewe mwelezeni habari ya Juan Mata, mchezaji wa Hispania. Alipoanzisha mpango wa Common Goal mwaka 2017, aliwaomba wachezaji wenzake asilimia 1 ya mshahara kwa ajili ya misaada ya kijamii kupitia soka. Mimi kama mtu wa hesabu naona hekima kubwa ndani yake, kwa sababu asilimia hupungua mshahara unapopungua na huongezeka unapoongezeka, hivyo mchezaji hajikuti ameahidi akiwa katika kilele halafu akashindwa kutimiza akiwa ameumia goti. Milioni 6 kwa mkupuo ni fedha nzuri, lakini ningefurahi zaidi kusikia kwamba ametenga kidogo kila mwezi.

Kocha wa Mchangani, Mbagala

Katibu, ninakuheshimu wewe na wasafiri wako, lakini katika hili nipo upande wa vijana wa kikao chenu.

Mimi ninafundisha watoto wa chini ya miaka 15 hapa Mbagala, mtaa uliomlea Mbwana Samatta. Watoto wangu wote wanajua kwamba alitoka Simba akaenda TP Mazembe, akachukua ubingwa wa Afrika mwaka 2015, na kwamba tarehe 1 Machi 2020 akiwa Aston Villa aliifunga Manchester City bao pale Wembley katika fainali ya Kombe la Ligi la Uingereza. Hadithi hiyo wanaisimulia kuanzia uwanja mkubwa, nami kila mara nawarudisha mchangani, kwa sababu hapo ndipo mguu unapojifunza kutulia juu ya mpira kabla ya kocha yeyote wa kulipwa kuuona.

Sasa mchanga wenyewe unakwisha. Kiwanja changu kilikuwa na nafasi ya kutosha timu mbili kamili. Upande mmoja ukaja ukuta, upande wa pili likaja banda la kufyatulia matofali, na kona moja imemezwa na gereji, kiasi kwamba kona ya upande huo tunaipiga tukiwa tumesimama mlangoni mwa gereji, tena baada ya kumwomba fundi asogeze gari. Kila mkazi wa Dar es Salaam anayesoma hapa anakijua kiwanja cha namna hii, na wengi wanakijua ambacho hakipo tena.

Milioni 6 za kijana haziwezi kununua hata robo ya kiwanja katika jiji hili. Ninachokitaka kutoka kwake ni jina lake. Mimi nimekwenda ofisi moja kwa miaka miwili nikiomba eneo letu liandikwe rasmi kuwa eneo la wazi, nikaambiwa nirudi wiki ijayo hadi viatu vikaisha. Siku kijana mmoja wa hapa anayecheza Ligi Kuu alipokubali kufuatana nami, tulikaribishwa viti, tukapewa maji, na afisa mipango miji akaitwa siku hiyo hiyo alete ramani. Mambo bado hayajakamilika, lakini faili lipo mezani, na kabla ya hapo halikuwapo. Mchezaji aliyeketi katika benchi la serikali ya mtaa saa mbili tu amefanya kazi ambayo fedha yake isingefanya.

Nampenda Sadio Mané wa Senegal kwa sababu hiyo. Kijiji chake cha Bambali hakikuwa na hospitali, na baba yake aliugua na kufariki Mané akiwa bado mtoto mdogo. Alipopata uwezo alijenga shule, na mwaka 2021 hospitali ikafunguliwa. Aliijua shida kwa sababu ilipita ndani ya nyumba yao. Kanu Nwankwo wa Nigeria vilevile: mwaka 1996, baada ya kujiunga na Inter Milan, aligundulika ana tatizo la moyo, akafanyiwa upasuaji akarudi uwanjani, na mwaka 2000 akaanzisha taasisi ya kuwasaidia watoto wenye matatizo ya moyo. Mwulizeni kijana wenu alikosa nini alipokuwa na miaka 11. Kama jibu ni kiwanja, basi kiwanja.

Katibu wa Tawi, Tandika

Kocha, nashukuru, na ninakubali kwamba sikuwa nimefikiria jina lake kama kitu cha kutoa. Nimtetee kidogo, hata hivyo. Kwa maneno yake mwenyewe, alichokosa akiwa na miaka 11 ni nauli ya Morogoro. Kiwanja kilikuwapo wakati ule. Leo nusu yake ni maegesho ya malori, na sidhani kama analijua hilo, kwa kuwa hajafika nyumbani miaka mitatu.

Beki Mstaafu

Salamu kwenu. Nilicheza Ligi Kuu misimu saba katika klabu tatu, na nina hakika hakuna kati yenu anayeweza kulikumbuka jina langu, kwa hiyo naongea kwa niaba ya wachezaji wengi zaidi ya wale mnaowaona kwenye mabango.

Kabla hamjaipokea hiyo fedha, mwulizeni kijana swali moja: mkataba wako unaisha lini? Watu wa mtaani wanaposikia mtu anacheza nje wanadhani fedha inatoka bombani. Mimi klabu yangu moja ilikaa miezi minne bila kunilipa, na wakati huo walikuwapo watu 14 waliokuwa wakila kwa mguu wangu wa kushoto, wakiwamo watoto wa kaka zangu wawili. Sikuweza kumwambia mtu, kwa sababu jana yake nilikuwa nimepigwa picha nikigawa mipira. Yule mama aliyeuliza habari ya paa kikaoni amewatendea haki wote wawili, kijana na tawi. Akikuambieni nyumba ya mama ipo sawa na akiba anayo, pokeeni kwa mikono miwili.

Nikiacha hilo, mnazungumzia sana fedha, na mimi kuna deni jingine nataka nilitaje, ambalo ni la sisi wachezaji kwa watu wanaosafiri.

Mwaka 2014, Oktoba, Sunderland ya Uingereza ilifungwa 8–0 ugenini na Southampton. Mashabiki wapatao 2,500 walikuwa wametoka kaskazini kabisa ya nchi hadi kusini kabisa kuiangalia, na wachezaji wakaamua kuwarudishia fedha za tiketi. Nawatajia hao kwanza kwa sababu wana-Simba wazee mnajua klabu yenu iliitwa Sunderland hadi mwaka 1971. Wigan walifanya hivyo hivyo mwaka 2009 baada ya kufungwa 9–1 na Tottenham, na Tottenham nao wakawarudishia mashabiki wao mwaka 2023 walipofungwa 6–1 pale Newcastle. Fedha yenyewe kwa wachezaji wa ligi ile si kubwa. Uzito wake ni kwamba wamekiri mbele ya watu kuwa mtu aliyesafiri ametoa kitu, na kwamba siku ile wao hawakutoa.

Mimi sikuwahi kukiri. Tulicheza Sokoine tukafungwa mabao matatu, mvua inanyesha, na pembeni ya jukwaa la mzunguko walikuwapo watu kama 40 waliotoka Dar es Salaam na basi lao. Nahodha alielekea moja kwa moja chumbani na sisi sote tukamfuata. Nilipofika mlangoni niligeuka, nikamwona mama mmoja mtu mzima anaikamua bendera maji, anaikunja taratibu mara nne kama mtu anayekunja khanga ya kwenda nayo msibani, kisha anaiweka ndani ya mfuko wa Rambo ili isilowe tena. Nilikuwa mita labda 30 kutoka kwake. Nilikuwa na uwezo wa kutembea mita 30. Niliingia ndani nikaoga.

Imepita miaka mingi na hiyo ndiyo mechi ninayoikumbuka kuliko zile tulizoshinda. Kwa hiyo, Katibu, mwombe kijana wako kitu ambacho hakina bei. Akija likizo, na kama ligi yetu bado haijamalizika, apande basi pamoja nanyi hata ikiwa ni safari fupi ya Morogoro. Asikae mbele na dereva. Akae katikati ya watu, achange mchango wake kama wengine, na ashuke njiani kununua mahindi ya kuchoma.

Shangazi wa Keko

Shikamooni wakubwa, na wadogo marahaba.

Beki, mwanangu, umeniliza. Huenda mama yule si mimi, lakini na mimi bendera yangu naiweka ndani ya mfuko wa Rambo.

Niongeze neno kuhusu nani anabaki nyumbani, kwa sababu wanaume mkiandaa safari huwa hamlioni. Tarehe 25 Mei 2025 Simba ilicheza fainali ya pili ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya RS Berkane. Kule Morocco tulikuwa tumefungwa 2–0, mechi ya marudiano ilikuwa yetu, lakini haikuchezwa Uwanja wa Mkapa, ilipelekwa Amaan, Zanzibar. Sisi wa Keko ambao Uwanja wa Mkapa tunautembelea kwa miguu tukajikuta nyumbani kwetu kumegeuka ugenini. Ilibidi tutafute nauli ya boti kwenda na kurudi, mahali pa kulala, na tiketi ya mechi ambayo kila mtu aliitaka, kwa kuwa Amaan inachukua watu wachache sana ukilinganisha na 60,000 wa Mkapa.

Katika kikundi chetu cha wanawake tulikuwa 17. Tuliovuka tulikuwa 5. Asubuhi ile bandarini mwenzangu mmoja alikuja kutusindikiza akiwa amevaa jezi kabisa, amebeba chupa ya chai na vitumbua ametufungia, akasimama nje ya lango mpaka boti ikaondoka. Nauli ya boti tungeweza kumchangia, na tulimwambia. Kilichomzuia ni kwamba anauza samaki, na siku mbili bila kuuza mtaji wake unaliwa na nyumba. Tuliongoza bao moja, wakasawazisha dakika za mwisho, kombe likaenda, na njia nzima ya kurudi nilikuwa nikifikiria nitamwelezaje.

Kwa hiyo hesabu ya Mhasibu ni nzuri lakini haijafika mwisho. Kiti cha bure hakimtoshi mtu ambaye anapoteza riziki ya siku mbili. Badala ya viti 8 wekeni viti 6, na kila kiti kiambatane na shilingi 25,000 za chakula na za kuacha nyumbani. Hiyo ni shilingi 110,000 kwa mtu, shilingi 660,000 kwa safari, pungufu kidogo ya ile hesabu ya kwanza, na watakaokwenda watakwenda na moyo mmoja. Na katika hao 6, angalau wawili wawe wanawake. Pia dereva aambiwe mapema basi lisimame sehemu zenye choo kinachoeleweka. Jambo hili linaonekana dogo kwa wale ambao kichaka kinawatosha, lakini wanawake wengi wameacha kusafiri kwa sababu hiyo moja tu na wala hawakusema.

Dereva wa Mbezi Louis

Mimi ni shabiki wa Yanga, lakini abiria ni abiria. Nimeendesha njia ya Mbeya miaka mingi, mara kwa mara nikiwa nimekodiwa na mashabiki wa timu zote mbili.

Naomba sehemu ya fedha hiyo ilipe dereva wa pili. Safari za mashabiki zina tabia yake: mnaondoka jioni, mnafika asubuhi, mechi inachezwa alasiri, na mpira ukiisha kila mtu anataka kurudi usiku huo huo ili Jumatatu awe kazini. Tangu mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023, hilo linawezekana, na kwa sababu linawezekana, tawi linalotaka kuokoa fedha humchukua dereva mmoja. Wakati mnashangilia uwanjani mnadhani amelala. Hajalala, amekuwa akitafuta gereji, au yupo jukwaani nanyi. Kisha anaanza kushuka mlima Kitonga usiku nyuma ya malori, anavuka Mikumi ambako mwendo haupaswi kuzidi kilomita 50 kwa saa kwa ajili ya wanyama, na ndani ya basi ngoma imenyamaza, watu wote wamelala, hakuna hata mmoja wa kumsemesha. Mimi nimewahi kujimwagia maji usoni mara tatu kati ya Ruaha Mbuyuni na Mikumi, nikiwa na roho 50 nyuma yangu. Sitafanya hivyo tena kwa malipo yoyote.

Kwa safari kama hiyo kampuni ikidai shilingi 150,000 za dereva wa pili, lipeni bila kubishana, na hakikisheni mnamwona kwa macho kabla ya kuondoka, amepumzika, na leseni yake mmeisoma. Kibali cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, cha safari ya kukodi nacho kiangaliwe siku moja kabla, msisubiri kuulizwa njiani.

Katibu wa Tawi, Tandika

Ndugu zangu, ninarudi baada ya siku nne, na ninaomba radhi kwa ukimya. Nilitaka kwanza nizungumze na kijana.

Nilimpigia jana. Nilianza na swali la Beki kuhusu mkataba, na alicheka kidogo, akasema hakuna mtu wa nyumbani aliyewahi kumwuliza hilo. Amebakiza mwaka mmoja na nusu. Nyumba ya mama yake imeezekwa upya mwaka jana, nami nilikwenda mwenyewe kuangalia kabla ya kumpigia, kwa sababu yule mama wa kikaoni alinitaka niape. Kisha nikamweleza kwa nini hatutaki alipie basi zima. Nilipofika kwenye habari ya safari ya watu 11 alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika. Akasema, "Basi fanyeni mnavyojua, ila msimwache mtu."

Tumekubaliana hivi. Viti 6 kwa kila safari ndefu pamoja na fedha ya chakula, kama Shangazi alivyopendekeza, kwa safari 6: shilingi 3,960,000. Dereva wa pili kwa safari hizo hizo: shilingi 900,000. Inabaki shilingi 1,140,000, na hiyo haitaguswa mpaka atakapokuja likizo, tuende naye serikali ya mtaa kuhusu kiwanja, kisha tuone kama kinachohitajika ni nyavu na mipira au ni gharama za kufuatilia ramani. Kocha, siku hiyo ningependa uwe nasi, kwa kuwa njia ya ofisi hizo unaijua. Kuhusu asilimia ya kila mwezi, Mhasibu, alisema atafikiri, na sikumsukuma.

Aliomba kitu kimoja tu. Katika viti 6, kimoja kiwe cha mtoto wa mtaa asiye na nauli, aende akiambatana na mzee wa tawi na kwa ruhusa ya wazazi wake. Nikamwambia hilo ni rahisi, mtoto mdogo anaweza kupakatwa na tukaokoa kiti. Akakataa. Alisema mguu wa yule mzee ulikufa ganzi kuanzia Chalinze, alimsikia akiusugua gizani wakati wa kurudi akidhani mtoto amelala, na kwamba mtoto wa safari hii akae kwenye kiti chake mwenyewe.

Basi la Mbeya litaondoka Ijumaa ya wiki ijayo saa kumi na mbili jioni. Hadi jana daftari lilikuwa na majina 41, na mtoto amekwisha kupatikana. Dereva wa Mbezi, nimekutumia ujumbe wa faragha kuhusu mtu wa kumsaidia dereva wetu. Kama wewe mwenyewe una nafasi siku hiyo, tutakupokea, na jezi yako ya njano uje nayo.